Volkswagen ya baba inagoma ikipata joto: ninunue koili?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972 niliyoachiwa na marehemu baba. Ilikaa imeegeshwa miaka mingi, mwaka jana nikaifufua: injini ilifumuliwa ikaundwa upya, bodi ikakwanguliwa na kupigwa rangi hadi chini. Asubuhi inawaka bila shida. Lakini nikitoka Tanga mpaka Muheza nikaizima, nikirudi baada ya dakika kumi naambulia "tik" moja tu. Ikipoa inakubali. Siku nyingine stata, ile mota ya kuwashia injini, inazunguka kivivu, injini haishiki, ila nikiachia ufunguo ndipo inashtuka na kuwaka. Tukiisukuma inawaka papo hapo. Nimeshabadilisha betri (nimeweka kubwa kuliko ya zamani) na stata mara mbili. Sasa imeanza na kukohoa barabarani. Fundi wangu anasema ninunue koili mpya. Ninunue?

Jibu: Marahaba mwanangu. Koili, kile kifaa kinachokuza volti za betri ziwe cheche, usinunue kwanza. Na kabla ya lolote, nyanyua kiti cha nyuma uitazame hiyo betri mpya. Umesema ni kubwa kuliko ile ya zamani, na hilo ndilo limenishtua kuliko stata. Kiti cha Beetle kina springi za chuma, na betri imekaa chini yake. Betri ikiwa ndefu kwenda juu, siku abiria mnene akikaa nyuma springi zinashuka mpaka kwenye nguzo za betri, zinaunganisha chanya na bodi, na ule ujazo wa kiti unashika moto gari likiwa mwendoni. Gari hizi zimewahi kuungua hivyo. Tafuta betri ya kimo cha ile ya mwanzo, kisha ufunike nguzo ya chanya kwa kifuniko cha plastiki au kipande cha mpira kilichofungwa imara. Hilo lifanye leo.

Sasa turudi kwenye ugomvi wako. Nadhani una matatizo mawili, siyo moja, na yamechanganyikana mpaka yanaonekana kama moja. La kwanza ni stata kukosa umeme wa kutosha gari likiwa la moto. La pili liko ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, na ndilo linalokohoa. Ule mchezo wa kuwaka ukiachia ufunguo ni mtoto wa tatizo la kwanza. Ukilitibu hilo, huenda nao ukaondoka wenyewe.

Umenipa ushahidi mzuri bila kujua: mkiisukuma inawaka papo hapo. Stata inapozunguka inakula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote garini. Ikiwa inazunguka kwa taabu, volti za betri zinashuka sana, na koili inabaki kulamba makombo. Cheche inakuwa dhaifu, injini haishiki. Ukiachia ufunguo, stata inaacha kula, volti zinapanda ghafla, koili inapata haki yake wakati injini bado ina mizunguko miwili mitatu ya mwisho, na hapo inashtuka. Ukisukuma, koili inapata volti zote tangu mwanzo kwa sababu stata haimo. Kwa hiyo koili yako inaweza kufanya kazi, tatizo ni kwamba inanyimwa chakula. Ndiyo maana nimekukataza kununua.

Kwa nini joto? Fuata njia ya umeme kwa kidole. Betri iko nyuma. Kuna waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata, kwenye nguzo kubwa iliyoandikwa 30. Huo ni mfupi na mara nyingi hauna neno. Lakini stata haizunguki mpaka selenoidi, kile kikopo kilichokaa mgongoni mwake, ivutwe na umeme mwingine unaoingia kwenye nguzo ndogo iliyoandikwa 50. Umeme huo unatoka nyuma, unapita kwenye waya mwembamba mpaka mbele ya gari, unaingia kwenye swichi ya ufunguo, kisha unarudi nyuma tena mpaka kwenye selenoidi. Yaani umetembea urefu wa gari mara mbili, ukipita kwenye viungio na vibati ambavyo vina umri wa zaidi ya miaka hamsini, tena katika hewa ya chumvi ya Tanga. Kila kiungio chenye kutu ya kijani kinakula volti kidogo. Na selenoidi ikianza kuvuta inataka makumi ya amperi kwa kitambo kile kifupi, kwa hiyo hasara ndogo za njiani zinakuwa hasara kubwa.

Ongeza joto sasa. Shaba ikipata joto inazidi kuubania umeme. Kutoka nyuzi 25 mpaka 85 za Selsiasi, ukinzani wake unaongezeka karibu robo. Stata ya Beetle imekaa ubavuni mwa giaboksi, jirani kabisa na mabomba ya moto ya injini. Unapoizima Muheza, feni ya injini inasimama, na joto lote linapanda na kutulia palepale ilipo stata. Selenoidi ile ile, waya zile zile, zilizokuwa zinajikongoja asubuhi, sasa zimevuka mstari. Ukisubiri nusu saa mambo yanarudi. Stata mpya haibadilishi chochote hapa, kwa sababu waya haukuja nayo kwenye boksi.

Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi katika barua yako: bodi ilikwanguliwa ikapigwa rangi hadi chini. Umeme wa stata una safari ya kwenda na safari ya kurudi. Unarudi kupitia bodi mpaka nguzo ya hasi ya betri. Injini na giaboksi ya Beetle imekalia mipira, kwa hiyo bila msaada haigusani vizuri na chuma cha gari. Kiwandani waliweka utepe wa waya uliosukwa, kutoka pua ya giaboksi kwenda kwenye fremu. Huu ndio ule mafundi wanaouita ethi. Gari likifumuliwa, utepe huu ndio kitu cha kwanza kusahaulika, au unarudishwa juu ya rangi mpya inayong'aa. Rangi haipitishi umeme. Halafu kuna ule wa pili, wa betri yenyewe, unaofungwa sakafuni chini ya kiti, nao nimeukuta mara nyingi umefungwa juu ya rangi.

Nilishawahi kuletewa gari lililofanya haya unayoyaeleza, limetengenezwa vizuri kabisa na karakana nyingine, kila kitu kipya. Nikamwomba kijana akanyage klachi apige stata, mimi nimelala chini nimeshika kebo ya akseleta pale inapotokea nyuma. Ilikuwa ya moto mkononi, moto wa kuachia. Kebo ya mafuta haina kazi ya kupata joto. Utepe wa giaboksi haukuwepo, na umeme wote wa stata ulikuwa unajitafutia njia ya kurudi nyumbani kupitia kebo ya mafuta na ya klachi. Mwenye gari alikuwa ameshanunua kebo mbili za akseleta akidhani zinakwama kwa ubovu. Tulikwangua rangi eneo la ukubwa wa shilingi, tukafunga utepe mpya, na gari likapiga stata kama trekta.

Basi ingia chini ya gari lako kabla hujatoa senti. Zima gari, weka gia fri, vuta hendibreki, chomoa hasi ya betri. Tafuta ule utepe mbele ya giaboksi. Kama haupo, nunua au utengeneze kwa waya mnene wa betri wenye vichwa vilivyobanwa. Kama upo, ufungue. Kwangua kwa msasa mpaka uone chuma cheupe pande zote mbili, funga na washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi juu ili kutu isirudi. Fanya vivyo hivyo pale waya wa hasi unapogusa sakafu. Kazi hii ni ya saa moja na gharama yake haifiki bei ya koili.

Baada ya hapo chukua mita ya umeme. Ya bei ndogo inatosha. Mafundi wengi wanapima betri peke yake wakaridhika, na hapo ndipo wanapokosea, kwa maana umeme hupotea wakati unatembea, siyo wakati umekaa. Toa waya kwenye nguzo 15 ya koili, ile inayopokea umeme kutoka kwenye ufunguo, na uufunge utepe usigusane na kitu, ili injini izunguke bila kuwaka. Mwombe mtu apige stata kwa sekunde chache, wewe pima.

Betri ikitulia iwe karibu volti 12.6. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka zaidi, ama betri imechoka ama stata inakula kupita kiasi. Halafu weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye bati la stata lenyewe, na upige stata. Unatakiwa uone karibu na sifuri, tuseme chini ya 0.3. Ukiona volti nzima au zaidi, hiyo ndiyo rangi yako mpya inayokula umeme. Pima vilevile upande wa chanya: kutoka nguzo ya chanya mpaka ile 30 kubwa.

Kipimo cha mwisho ndicho muhimu kuliko vyote, na lazima ukifanye gari likiwa la moto, limegoma, linasema "tik". Ncha moja kwenye nguzo 50, nyingine kwenye bati la stata, mwenzako ashikilie ufunguo. Ukipata volti 10 na zaidi na bado stata haizunguki, lawama ni ya stata au selenoidi. Ukipata 8 au 7, stata haina kosa. Umeme umeishia njiani.

Kama huna mita siku hiyo, tazama taa ya ndani ya gari wakati wa "tik". Taa ikififia karibu kuzimika, umeme mwingi umeitwa na haukuweza kufika: angalia betri, vichwa vyake, ethi, au stata iliyokwama. Taa ikibaki inawaka vilevile, hakuna aliyeuita: angalia waya wa 50, swichi ya ufunguo, au vibati ndani ya selenoidi.

Kuna watu watakuonyesha kuingia chini na bisibisi na kugusanisha nguzo za stata. Kama kipimo kina maana: ukipeleka umeme kutoka 30 kwenda 50 moja kwa moja na stata ikazunguka kwa nguvu, ujue kosa ni la safari ile ndefu ya kwenda mbele na kurudi. Lakini usitumie bisibisi, inachoma na kuteleza. Tumia waya wenye vibanio, na uhakikishe mwenyewe kwa mkono kwamba gia iko fri. Gari lililo kwenye gia litakupanda. Na wanaogusanisha zile nguzo mbili kubwa wanazungusha mota tu bila selenoidi kusukuma gia yake ndani. Mlio utausikia, lakini kipimo hicho hakikwambii kitu.

Tuseme umekuta volti 8 kwenye 50. Safisha kwanza viungio, kimoja kimoja, mpaka swichi ya ufunguo, ambayo vibati vyake huchakaa. Kisha weka relei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Najua mafundi wa zamani wanaosema relei ni kuficha ugonjwa. Mimi nakubaliana nao kama relei imewekwa badala ya kusafisha. Ikiwekwa baada ya kusafisha ni matengenezo halali, kwa sababu urefu wa ule waya hauwezi kuufupisha kwa msasa. Relei ya kawaida ya amperi 30 au 40 inatosha. Ifunge karibu na stata lakini mbali na bomba la moto. Nguzo 30 ya relei ipate waya mnene kutoka 30 ya stata, wenye fyuzi. Nguzo 87 iende kwenye 50 ya selenoidi. Waya wa zamani uliokuwa kwenye 50 uhamishie kwenye 86, na 85 ifunge kwenye bodi, kwenye chuma kitupu. Sasa ule waya mwembamba unaotoka mbele hauvuti tena selenoidi. Kazi yake ni kuamsha relei, inayotaka chini ya nusu amperi, na kwa kazi hiyo hata volti 8 zinatosha.

Bado kuna kitu kimoja ambacho stata mbili mpya hazikukigusa: bushi. Kwenye Beetle ya gia za kawaida, ncha ya shafti ya stata haishikiliwi na stata yenyewe. Inaingia kwenye bushi ndogo ya shaba nyeusi iliyopigwa ndani ya ukuta wa giaboksi. Ukitoa stata, bushi inabaki ndani. Ikiisha, shafti inalala, mota inakwaruza sumaku zake, inakula umeme kama kichaa na kuzunguka kivivu, tena vibaya zaidi ikiwa ya moto. Chomeka kidole kwenye tundu hilo stata ikiwa nje. Kama bushi imekuwa yai, au haipo kabisa, itoe upige nyingine, na uiloweke kwenye oili kwanza. Kama giaboksi yako ilitoka kwenye Volkswagen ya volti 6, peleka stata dukani ulinganishe, maana kipimo cha bushi ni kingine. Gari la 1972 lilitoka kiwandani na volti 12, ila magari yaliyofufuliwa huchangiwa viungo kutoka kila mahali, na hujui giaboksi imetoka wapi.

Kabla hujatoka upande huu, rudisha waya wa 15 kwenye koili na upime volti zake wakati stata inazunguka. Ziwe karibu sawa na za betri kwa wakati huo, pungufu ya volti moja hivi. Zikianguka kabisa ufunguo unapokuwa mwisho na kurudi ukiachia, swichi ya ufunguo imekufa upande mmoja, na hiyo pia inaleta kuwaka ukiachia.

Sasa kukohoa. Umesema kulianza baadaye, baada ya gari kutembea vizuri kwa muda. Hilo linanielekeza kwenye pointi, vile vibati viwili ndani ya distribyuta vinavyofunga na kufungua umeme wa koili. Pointi mpya ina kisigino kidogo kinachosugua kamu ya distribyuta, ule mhimili wenye vilima unaozisukuma pointi. Usipoweka tone la grisi kwenye kamu, kisigino kinalika haraka katika kilomita mia chache za kwanza, mwanya unafunga, cheche inadhoofika na taimingi (wakati wa cheche kuruka) inachelewa, na injini inazidi kupata moto. Unaona jinsi hili nalo linavyoongeza joto kwenye stata yako.

Fungua kifuniko, zungusha injini kwa nati ya puli mpaka kisigino kikae juu kabisa ya kilima cha kamu, upime kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Unataka milimita 0.40. Hakikisha nyuso za pointi zinakutana bapa. Paka grisi kidogo, siyo nyingi ikarukia pointi. Ndipo upime taimingi. Usianze na taimingi, kwa sababu ukibadilisha mwanya umebadilisha na taimingi: mwanya ukikua cheche inawahi, ukipungua inachelewa. Kiasi cha taimingi kinategemea distribyuta iliyofungwa, kwa hiyo soma namba ya Bosch iliyopigwa ubavuni mwake kabla hujaamini namba ya mtu yeyote.

Ukiwa humo humo tazama waya mwembamba unaoiunganisha sahani ya pointi na mwili wa distribyuta. Sahani ile inacheza kila unapokanyaga mafuta, na waya hukatika ndani ya ganda lake huku nje ukionekana mzima. Uvute taratibu kwa koleo dogo: mzima hautanuki, uliokatika unanyooka kama mpira. Kuhusu kondensa, kile kikopo kidogo kinacholinda pointi zisiungue, kama pointi zimeungua na kuwa buluu au zimeota kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili, ibadilishe. Rota nayo, ile inayozunguka chini ya kifuniko cha distribyuta, huwa na ufa usioonekana ila gizani.

Na vali. Injini iliyoundwa upya hukaa sawa baada ya safari za kwanza, na mianya ya vali hupungua. Irudie gari likiwa limelala usiku kucha, milimita 0.15. Ikibana, silinda inapoteza nguvu ya kubana likiwa la moto, na hakuna cheche itakayoliponya hilo.

Ukimaliza yote haya na bado unataka kuihukumu koili, toa waya zake na upime ukinzani kati ya 15 na 1. Volkswagen ya volti 12 inataka omu 3 mpaka 4. Hapa nakuomba uwe mwangalifu dukani, kwa sababu kuna koili za omu 1.5 zenye umbo lile lile, zilizotengenezwa kwa magari yenye rezista ya nje. Gari lako halina rezista hiyo. Ukifunga koili ya namna hiyo itavuta umeme mara mbili au zaidi na kuunguza pointi zako mpya katika muda mfupi. Kama aliyeunda injini alifunga koili ya aina hiyo, basi nitakuwa wa kwanza kukwambia inunue nyingine.

Vipuri bado vipo, kwa maana Mexico waliendelea kuliunda gari hili mpaka mwaka 2003. Ila pointi za zamani za baba, kama ziko kwenye boksi lake la spana, usizitupe. Zisafishe uzilinganishe na za sasa, nyingi zilikuwa na chuma kizuri zaidi.

Anza na utepe wa giaboksi, kisha nenda Muheza, izime, isubiri igome, upime ile 50. Nitumie namba utakayoiona.